Kanga za mama: shajara ya kushona shuka la viraka

11 Januari

Leo nimefungua sanduku la mama. Kanga kumi na tatu: doti tano zilizotimia pande zote mbili, na nyingine tatu zimebaki upande mmoja mmoja. Harufu ya udi bado imo. Mama alitutoka mwaka juzi, na tangu siku hiyo sanduku lilikuwa chini ya kitanda changu bila mtu kuligusa.

Mdogo wangu ni mjamzito, anatarajia kujifungua Julai, naye anaishi Arusha. Julai ya Arusha si Julai ya huku kwetu Tanga. Kule mtu analala na mablanketi mawili na soksi miguuni. Nimeamua mtoto apate shuka la viraka lililoshonwa kwa kanga za bibi yake.

Mpango ni inchi 40 kwa 50. Nakata miraba ya inchi 6, mshono unakula nusu inchi kila upande, kinabaki kipande cha inchi 5. Nane kwa upana, kumi kwa urefu, jumla 80. Nimeuchora wote kwenye daftari la hesabu, kila kijumba na rangi yake, na juu nimeandika kwa kalamu nyekundu: KILA KONA IKUTANE. Nina miaka kumi na moja nashonea watu nguo, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia nguo kwa sababu mshono umepinda. Hili la mama ndilo nisilotaka likosee hata kidogo.

18 Januari

Siku nzima ya maji. Kanga kuukuu haina tena dondo, ule wanga wa nguo mpya, lakini rangi bado inaweza kuchuja, hasa nyekundu na nyeusi. Kila moja nimeilowesha peke yake kwenye beseni na kubadilisha maji mpaka yanatoka kama yalivyoingia. Kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, peke yake kimekula mabeseni saba. Nyekundu ikija kuchujia shuka lililokwisha kushonwa, hakuna cha kufanya tena.

25 Januari

Kukata kumenipa taabu ambayo sikuitarajia. Itandaze kanga mezani uitazame kwa makini: mara nyingi chapa haiendi sawa na uzi wa kitambaa. Pindo linaanza vizuri kona hii, ukifika kona ya pili limeshapanda upana wa kidole. Hapo una njia mbili. Ukifuata uzi, maua yanapinda. Ukifuata maua, uzi unakwenda mshazari, na kitambaa cha mshazari kinavutika hovyo, unakikata inchi 6 na kinafika kwenye sindano kikiwa sita na robo.

Halafu kuna kuchakaa. Kanga aliyokuwa akijifunga kila siku imekonda pale alipokuwa akikalia, unaona mwanga ukiiinua dirishani, lakini pindo lake bado zito. Vipande viwili vya kanga moja vina tabia mbili tofauti.

Nimefuata maua. Nimeruka kila penye doa, kila penye tundu, na kila paliposhonwa zamani. Vipande vibaya nimevitia kwenye kiroba, vitafaa kwa kufutia cherehani.

Miraba 80 imetimia. Imenichukua saa sita, na nusu ya muda huo nilikuwa napima mara ya pili na ya tatu.

9 Februari

Safu sita zimeungwa, kila moja vipande vinane. Nilipoziweka pamoja sakafuni nikaona kona hazikutani. Safu ya pili ni fupi kuliko ya kwanza kwa karibu inchi nzima.

Nimekaa nikafanya hesabu. Nikikosea mshono kwa moja ya kumi na sita ya inchi, unene wa nyuzi chache tu, kosa hilo linakula vipande viwili kwa mpigo, kwa hiyo kila mshono unaniibia moja ya nane. Safu ina mishono saba. Saba ya nane za inchi zimekwenda, na hakuna mshono hata mmoja ambao ukiutazama peke yake utasema umekosewa. Kwenye gauni jambo hili halitokei, kwa sababu gauni lina mishono michache na mwili unasamehe. Hapa kosa dogo linahesabiwa tena na tena mpaka mwisho wa safu.

Nimefumua safu ya pili na ya tatu. Wembe mpya, mwanga mzuri, nyuzi moja moja.

22 Februari

Naandika hili usiku kwa sababu sipati usingizi.

Safu ya pili nilikuwa nimeishona mara tatu na kuifumua mara mbili. Leo nikaifumua mara ya tatu. Kipande cha nne ni cha ile kanga ya kijani yenye maembe, ambayo mama alikuwa akijitanda kila anapokwenda msibani. Nilipitisha ncha ya wembe chini ya uzi kama ninavyofanya siku zote, nikavuta kidogo, na kitambaa kikaachia. Kilifunguka chenyewe kufuata mstari wa matundu ya sindano, kama karatasi ya stempu, kutoka ukingo mpaka ukingo. Sikusikia hata sauti.

Nimekiangalia kwa kioo cha kukuzia. Matundu ya mshono wa kwanza, ya pili na ya tatu yamepangana, na kati yao zimebaki nyuzi mbili tatu zilizochoka. Kanga haikuchanwa na wembe. Niliichana mimi, kidogo kidogo, tangu mara ya kwanza nilipoifumua nikitafuta kona ikutane.

Hakuna kanga nyingine kama ile dukani. Chapa ya mwaka ule imeshapita.

30 Machi

Mwezi mzima sijagusa. Nimeshona sare za shule na mapazia. Safu zimekunjwa juu ya kabati.

4 Aprili

Shangazi amekuja kutoka Pangani kwa ajili ya macho yake hospitali. Wifi mtu huyu aliishi na mama nyumba moja miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa. Jioni aliziona safu juu ya kabati akaomba azione. Nikamwambia, "Shangazi, zimeharibika hizo, usijisumbue." Akasema, "Nipe tu, mwanangu."

Akazitandaza mapajani. Macho yake ni mabaya, kwa hiyo alitazama kwa vidole. Kona hakuzigusa hata moja. Alikuwa anatafuta kanga. "Hii alinunuliwa na baba yako alipotoka safari. Hii tulipewa sare kwenye arusi, mimi yangu iliungua pasi." Alipofika kwenye ile ya kijani akapapasa ule mpasuko nilioacha wazi, akauliza, "Na ule mshono wake uko wapi?"

"Mshono upi, shangazi?"

"Kanga hii ilinasa kwenye msumari wa daladala siku tunatoka Muheza. Mama yako akaishona palepale tulipofika, kwa uzi mweusi, maana ndio tuliokuwa nao. Kushona kwenyewe mbiombio, watu wanatusubiri. Nikamwambia utaifumua ukifika nyumbani ushone vizuri. Akasema ameshashona."

Nikakumbuka. Niliuona ule mshono mwezi wa kwanza, nikaukwepa kwa mkasi.

6 Aprili

Nimemwaga kiroba sakafuni. Mama alishona mahali kumi na moja, nimehesabu. Kijani kwa uzi mweusi, urefu wa kidole changu cha kati, hatua kubwa kubwa, moja imeruka nje ya mstari kabisa. Kwenye ile ya zambarau ametia kiraka cha kitambaa cha shati, mraba usio mraba. Kwenye nyingine amesokota ukingo kwa mkono baada ya pindo kuachia. Hakuna hata mmoja ulionyooka. Nimevuta kila mmoja kwa mikono miwili. Hakuna hata mmoja ulioachia.

Nimekaa na jambo hili siku mbili. Katika ufundi wangu nimekuwa nikichanganya vitu viwili na kuviita jina moja. Kuna kasoro ya jicho, na kuna kasoro ya nguvu. Kona isiyokutana ni ya jicho. Mshono uliokosa kushika safu ya chini, ukingo uliokatwa karibu mno, rangi inayochuja, hizo ni za nguvu. Ya nguvu itaonekana mtoto akishalivuta shuka mara tatu. Ya jicho mtoto hataijua. Na mimi, kwa kufukuza kasoro za jicho, nimezalisha kasoro ya nguvu kwenye kitambaa kisichokuwa nayo.

Nimeandika upya ukurasa wa kwanza wa daftari. Ile ya kalamu nyekundu nimeipiga mstari. Kuanzia sasa, kabla ya kufumua chochote, navuta kwa mikono miwili. Kikishika, naendelea mbele. Kikiachia, nashona tena juu yake, na wembe hauguswi.

13 Aprili

Nimebadilisha mtindo mzima. Nimekuwa nikitazama picha na video za Wasidi wa Karnataka, India, eneo la Uttara Kannada. Hawa ni watu ambao wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika, wengi kutoka upande wetu huu wa mashariki, wakapitishwa Goa mikononi mwa Wareno. Baadhi yao walitoroka wakaingia misituni. Wanawake wao wanashona mashuka ya viraka wanayoyaita kawandi, kwa nguo zilizochakaa.

Wao hawaungi miraba kwanza. Wanatandaza kitambaa cha chini kizima, wanaanzia kona, wanaweka kiraka, wanakunja ukingo wake kwa vidole, wanapiga bandi, ule mshono wa mkono wa kuingia na kutoka, kupita tabaka zote, wanaweka kingine kikipanda kidogo juu ya cha kwanza, na wanazunguka pembezoni wakiingia ndani, mzunguko kwa mzunguko, mpaka wakutane katikati. Kiraka ni cha ukubwa wowote. Kona za kukutanisha hazipo. Na bandi hiyohiyo inayoshika kiraka ndiyo inayoshika shuka zima, kwa hiyo kitambaa kilichochoka hakibebi mzigo peke yake, kimeegemea wenzake. Kwa kanga za mama sioni mtindo unaofaa zaidi ya huu.

Ndivyo kanga zilivyoanza pia, kama inavyosimuliwa pwani: wanawake walinunua vitambaa vya leso vilivyochapwa mfululizo, wakakata vitatu vitatu, wakaviunga viwe nguo moja. Watu wa Mombasa mpaka leo wanasema leso. Kanga yenyewe ilitokana na viraka.

Chini nimetandaza kanga moja nzima, ile ya "Wema hauozi", sikuikata. Katikati nimetia blanketi jepesi la pamba lililochakaa, maana ni Arusha. Juu ndipo viraka.

Zile safu sita sizifumui. Kila moja ina urefu wa karibu inchi 40, sawasawa na upana wa shuka. Moja imekwenda ukingo wa juu, moja ukingo wa chini. Sasa hazina jirani wa kufanana naye, na ule ufupi wa safu ya pili umefichwa na kiraka cha pembeni kilichopanda juu yake. Nyingine nne nitazitumia pembeni na ndani.

27 Aprili

Mistari ya bandi inaachana nusu inchi. Inchi 40 kwa 50 ni inchi za mraba 2,000, ukigawa kwa nusu unapata inchi 4,000 za kushona kwa mkono, yaani kama mita mia moja. Nashona saa mbili usiku watoto wakishalala. Masika imeshika, umeme unakatika, na nimegundua kuwa bandi inaweza kupigwa kwa taa ya simu bila shida, kwa sababu sifuati tena mstari wa chaki. Nafuata mstari uliotangulia, kidole gumba ndicho kipimo.

Uzi ni wa pamba. Nguo kuukuu haitaki uzi wenye nguvu kuliko yenyewe. Shuka likivutwa, heri ukatike uzi, unaoshonwa tena, kuliko kukatika kanga.

11 Mei

Leo nilikaribia kufumua. Kiraka cha kisutu kimekaa kichwa chini ukilinganisha na mwenzake, na nilikigundua baada ya kukizungushia mistari minne. Moyo ulinienda mbio, si utani, nikaenda kuchukua wembe. Halafu nikavuta kwa mikono miwili. Kimeshika. Nikarudisha wembe kwenye kopo, nikaendelea, lakini nusu saa nzima macho yalikuwa yanarudi palepale.

Sitaki kudanganya katika shajara hii kwamba nimepona. Kinachobadilika ni mkono kwanza, jicho linafuata nyuma, tena polepole.

Nimeweka karibu na cherehani picha moja ya mashuka ya wanawake wa Boykin, Alabama, mahali panapojulikana zaidi kwa jina la Gee's Bend. Mwaka 2002 mashuka yao yalioneshwa Houston na kisha New York, na 2006 Posta ya Marekani ikayachapa kwenye stempu. Mengi yalishonwa kwa nguo za kazi za shambani. Kwenye moja unaona wazi suruali ya jinzi iliyopauka magotini, na mraba wa buluu iliyokolea pale mfuko ulipobanduliwa. Aliyeshona hakukwepa goti wala mfuko. Ningekuwa mimi wa Januari, ningevitupa kirobani.

25 Mei

Vipande vyote kumi na moja vyenye mishono ya mama vimeshaingia isipokuwa ule mweusi wa kijani. Huo nauhifadhi kwa katikati.

Maandishi ya kanga yamekatikakatika. Upande mmoja panasomeka SIPATI TAM, na mbali kidogo, kichwa chini, SIKATI. Anayeijua "Japo sipati tamaa sikati" ataiunganisha mwenyewe. Kwenye kona ya chini limebaki kipande kinachosema MALI YA ABD, alama ya duka la Abdulla la Mombasa. Januari nilikuwa nimepanga kuficha maandishi yote ndani ya mishono yasichafue ua.

8 Juni

Nimefika katikati. Limebaki pengo la kiganja kimoja, si mraba, limeegemea upande kama jani. Nimekata kipande cha kijani kufuata pengo, nikiwa nimeuacha mshono wa mama katikati yake, nikakunja ukingo kwa vidole. Nilipofika kwenye uzi wake mweusi, bandi yangu nyeupe ilipita juu yake. Nilisimama. Hatua zangu ni ndogo na zimelingana, za kwake ni kubwa na zinayumba, na zote mbili zimeshika kitambaa kilekile. Nimepita mara tatu pale, nikafunga fundo.

Rola nne za uzi zimekwisha, ya tano imebaki nusu. Sindano mbili zimevunjika.

14 Juni

Kona nne. Wasidi hutia pale pembetatu za kitambaa kilichokunjwa, wanaziita phula, ua, na shuka lisilo nazo kwao ni kama limeachwa uchi. Nimetia zangu kwa kisutu, tabaka mbilimbili. Hapa nimekuwa mkali na sijutii: kona ndiyo mtoto atakayoishika na kuitia mdomoni, kwa hiyo nimerudia mshono mara mbili na kuvuta kwa nguvu zangu zote.

Baadaye nimelifua na kulianika uani kwenye kivuli. Blanketi la ndani limenywea kidogo, na juu kote pamefanya mikunjo midogo midogo kati ya mistari. Nimetafuta kile kiraka cha kisutu kilichokaa kichwa chini. Nimekipata, lakini imenibidi nikitafute.

Upana juu ni inchi 39, chini ni 40 na nusu.

29 Juni

Nimelikunja, nimelitia kwenye mfuko wa khaki na kumkabidhi kondakta wa basi la Arusha saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi amepata miwani. Alilitazama mara ya mwisho kabla sijalifunga, akauliza kama vipande vimebaki. Vimebaki thelathini na kitu. Anataka la kulalia mchana barazani, na kingo amesema ataanza mwenyewe.

19 Julai

Mtoto wa kike, wote wazima, alhamdulillah. Leo nimempigia mdogo wangu nikamuuliza kama shuka linampa mtoto joto. Akanyamaza. Kumbe amelitia kabatini na vidonge vya kufukuzia wadudu, ndani ya mfuko wa nailoni. "Dada, limekuwa zuri mno, na ni la mama. Litaharibika. Nimelitunza mpaka awe mkubwa."

Nikamwambia alitoe. Nikamweleza kuwa rangi hazichuji, nimezihakikisha moja moja, kona zimerudiwa, kila mshono umevutwa kwa mikono miwili. Alifue kwa sabuni ya kawaida kila linapochafuka, alianike kivulini, na likiachia mahali achukue uzi wowote ulio karibu ashone palepale. "Hata mweusi?" akauliza. Kwa hiyo ameuona. Hata mweusi, nikamjibu.

Jioni ametuma picha. Mtoto amelazwa juu yake, na karibu na katikati, pale kwenye kijani, limeshalowa.